Pine za matope ao pine za njia zote: tuchague gani mbele ya mvua?

Hapa tuko baagronomu, bajeologu, baveterineri, na wengi kati yetu kazi ya kwanza ilitukuta ndani ya motoka ya 4x4. Chuo kilitufundisha udongo, mbegu na mbolea, lakini hakuna profesa aliyetuambia ni pine gani itafikisha hiyo mbolea shambani. Leo nataka tuongelee hiyo: pine, ile wenzetu wa Tanzania wanaita tairi. Kuna za matope, wafanyabiashara wanaziita M/T, na kuna za njia zote, zinaitwa A/T. Kila mwezi wa kumi, mvua ikianza kunusa, swali ni lile lile: tununue zipi?

Kwetu swali hilo lina bei. Tuko wanne, tuna Hilux moja inayolala Kasulo, na kazi yetu ni kupeleka mbegu za mahindi na mbolea mu vijiji vya upande wa Mutshatsha. Mnajua kalenda: hapa kwetu mahindi yanapandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Mfuko wa mbolea wa kupandia ukifika Krismasi, mkulima atauweka tu kando ya nyumba, na mwezi wa nne tutakula tena bukari ya unga wa Zambia. Basi motoka ikilala njiani siku tatu, si sisi tu tunaoumia. Lakini kesi yetu ni moja: makuta ya pine na makuta ya mbegu yanatoka ndani ya sanduku moja. Bei ambayo muuzaji alitupatia kwa M/T nne ilizidi ile ya A/T nne kwa kiasi cha mifuko sita ya urea. Mifuko sita, kwa familia yenye shamba dogo, si mchezo.

Shofere wetu, papa mwenye miaka mingi mu njia hizi, hakutaka hesabu ndefu. "Mwana," akaniambia, "bila M/T mvula itatulalisha mu njia. Weye utakula nini kule?" Ni neno la mtu aliyekwisha kulala njiani, sikulidharau. Lakini niliomba kwanza tuangalie udongo, juu ya pine inaongea na udongo kila siku.

Tofauti yenyewe iko wapi? Pine ya M/T ina meno makubwa, na kati ya jino na jino kuna nafasi pana. Kazi ya nafasi hiyo ni kutapika. Matope yanaingia, gurudumu linazunguka, matope yanarushwa inje, meno yanabaki wazi na yanashika tena. Mbavu zake nazo ni nene, mara nyingi zina meno mpaka pembeni, ili zisikatwe na mawe. Pine ya A/T ina meno madogo yaliyokaribiana, na juu ya kila jino kuna mikato myembamba kama ya wembe. Mikato hiyo inakata maji juu ya gudroni na inaipa pine ncha nyingi za kushikia. Ukweli ni kwamba A/T ni mapatano kati ya gudroni na pori. Si kitu cha jana: BFGoodrich walitoa A/T yao mwaka 1976, na ya matope ikafuata mwaka 1980. Kutoka hapo viwanda vyote vinabadilisha mchoro tu, wazo ni lile lile.

Angalieni kitu kimoja kabla ya kuendelea, juu ya kinadanganya watu wengi sokoni. Alama ya M+S ubavuni mwa pine haisemi kwamba pine hiyo ni M/T. Maana yake ni matope na theluji, na inawekwa hata juu ya pine nyingi za A/T, hata za motoka za mjini. Muuzaji akikuonyesha M+S na bei ya M/T, mwambie asante na uendelee na njia yako.

Sasa udongo. Hapa ndipo diplome yetu inapata kazi.

Mnamkumbuka Atterberg? Yule Mswidi wa mwaka 1911, mtu wa kemia na kilimo, aliyegawa udongo wa mfinyanzi kwa kipimo cha maji yake. Maji yakiwa kidogo, udongo unavunjika-vunjika. Yakiongezeka unakuwa kama unga wa bukari, unaweza kuufinyanga. Yakizidi, unatiririka kama uji. Mu laboratwari tulipima mipaka hiyo kwa kuviringisha kamba ya udongo ya milimeta 3 juu ya kioo, na wengi tuliona ni kazi ya kusumbua wanafunzi. Lakini pine inaishi ndani ya mipaka ile ile. Udongo mkavu unabeba kila pine. Udongo wa uji unatorokea pembeni, na kama chini yake kuna sakafu ngumu, pine yoyote yenye meno inaweza kuifikia. Hatari iko katikati, pale unaponata. Hapo unajaza nafasi za A/T, unakauka ndani yake, na baada ya meta mia moja pine yako iko laini kama chupa. Hapo M/T inakula faida yake yote, na papa shofere ana haki.

Swali linalobaki: hali hiyo ya kunata tunaipata wapi, na inakaa saa ngapi?

Udongo mwekundu wa kwetu, feralsoli, una mfinyanzi wa kaolini uliofungwa na chuma. Chembe zake zinashikana kuwa punje ndogo, na maji yanapita kati yake karibu kama ndani ya mchanga. Ndiyo maana shamba linakauka upesi baada ya mvua, hata likiwa na mfinyanzi mwingi. Njia ni kitu kingine. Malori yameponda zile punje, yamekanyaga udongo mpaka umeziba, na maji yanakaa ndani ya mifereji ya magurudumu. Lakini hata hapo, jua la saa mbili ao tatu linabadilisha mambo, na upande wa njia, pale malori hayapiti, unakauka mbele. Wazee waliotengeneza barieri ya mvua walijua hiyo: mvua ikipiga, malori yangoje saa kadhaa, ndipo yapite. Saa tatu za kungoja zinafanya kazi ambayo M/T inauza kwa dola.

Ukipanda juu ya tambarare ya Manika, habari inageuka: mchanga. Mchanga haunati, kwa hiyo nafasi pana za M/T hazina cha kutapika. Kibaya zaidi, meno yake makubwa yanachimba kama jembe. Ukikanyaga moto kidogo tu, ekseli imelala juu ya mchanga. Pale A/T iliyopunguzwa hewa inapita vizuri kuliko M/T iliyojazwa. Pine ikipungua hewa inarefusha nyayo yake, na uzito unatawanyika.

Kisha kuna dembo, yale mabonde ya udongo mweusi ao wa kijivu ambamo maji yanabaki hata mvua ikiisha. Kungoja hakusaidii kitu hapo. Dembo linataka M/T, ao minyororo ya kufunga juu ya pine, ao kuzunguka. Mimi nasema kuzunguka, kama kuna njia ya kuzunguka. Mara nyingi hakuna.

Nilichukua daftari ya motoka ya mwaka uliopita, nikahesabu. Kati ya kila kilometa 100 tulizotembea, karibu 60 zilikuwa za gudroni: ndani ya Kolwezi, ao njia ya Likasi na Lubumbashi kwenda kuchukua bidhaa. Karibu 30 zilikuwa lateriti, ngumu, yenye changarawe na mashimo. Zilizobaki 10 ndizo mchanga na matope pamoja, na dembo lenyewe halikufika hata 2. Papa shofere aliposikia akacheka: "Lakini ile mbili njo inakulalishaka!" Ni kweli. Hakuna mtu anayelala njiani juu ya gudroni.

Lakini juu ya gudroni watu wanakufa, na hapo sikukubali kunyamaza. Mnajua RN1 wakati wa mvua: malori ya asidi, malori ya kobalti na shaba, yamefuatana kama treni, na lile lori la mbele linafunga frein bila taarifa. Meno makubwa ya M/T, bila mikato ya kutosha, hayana ncha nyingi za kushika gudroni yenye maji. Umbali wa kusimama unarefuka. Kwa Hilux tupu, nyuma nyepesi, unasikia mkia unataka kwenda peke yake. Ongezea kelele, ongezea mazuti zaidi juu ya uzito, ongezea kwamba gudroni inakula M/T upesi. Kuna viwanda vinavyotoa garanti ya kilometa 80 000 kwa A/T zao. Kwa M/T mara nyingi hawatoi garanti ya kilometa hata moja. Wao wanajua walichotengeneza.

Na Kasulo yenyewe? Watu wa inje wanafikiri matope ya Kasulo yanaomba M/T. Mu 2014 mkaaji mmoja alichimba ndani ya lupango yake akakutana na heterojeniti, jiwe la kobalti. Mnajua kilichofuata: mashimo ndani ya malupango, mashimo ndani ya nyumba, na matuneli yaliyopita chini ya njia. Mu 2017 sehemu moja ilikwenda mu mikono ya Congo Dongfang, tawi la Huayou ya China, wakaaji wakahamishwa, ukuta ukajengwa. Kwa shofere, urithi wa hayo yote ni huu: dimbwi la maji laweza kuwa na kina cha kiatu, laweza pia kuwa mdomo wa shimo la kale lililojazwa ovyo. Hakuna meno ya pine yanayosaidia pale. Sisi tuna sheria: mvua ikipiga, hatupiti ndani ya dimbwi ambalo hatukuliona likiwa kavu. Motoka yenye mzigo inapita njia ile tu malori yanapita, hata kama inarefusha safari. Na watoto wakipiga kelele "hapana pita!", tunasimama, hatubishani. Wao njo wanajua ni wapi paliporomoka jana.

Kuhusu kununua. Angalieni namba ya uzito. Pine ya Hilux ya 265/65R17 yenye namba 112 inabeba kilo 1 120. Yenye LT mbele ya vipimo na namba 120 inabeba kilo 1 400, na karkasi yake ni ngumu zaidi. Mtu wa kubeba mbolea juu ya changarawe achukue LT, na ajue inataka hewa zaidi ili ibebe uzito ule. Ukisoma DOT, tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka: 3519 ni juma la 35 la mwaka 2019. Pine za okazioni zinazofika kwa makontena zinaweza kuwa na meno marefu mazuri na kaucho iliyokwisha kuzeeka. Kunja ubavu wake kwa mkono, ukiona mipasuko midogo, acha. Tena, msichanganye M/T mbili nyuma na A/T mbili mbele, kama kwado wengi wanavyoshauri ili kupunguza bei. Hata vipimo vikiwa sawa kwa maandishi, mizunguko yake haiko sawa kabisa, na ukifunga 4x4 juu ya udongo mgumu, ni boksi la transferi linalolipa tofauti.

Mwenzetu anayefanya kazi Kapanga ao Sandoa, anayekaa mu pori miezi yote ya mvua na kuona gudroni mara mbili kwa mwaka, achukue M/T na asisikie maneno yangu. Kwa sisi wa Kasulo niliandika mapendekezo ya A/T, LT, tano za sura moja pamoja na ya akiba. Wenzangu wawili walikubali, mmoja alikataa, na papa shofere aliweka sharti: minyororo ya pine za nyuma, koleo mbili, mbao mbili, kipimo cha hewa na pompu ya kuunga ku batri. Sharti lake lilikula mifuko miwili kati ya ile sita. Nilikubali bila kubishana, juu ya kipimo cha hewa peke yake kina kazi kila siku: tunapunguza mpaka bari 1,5 ndani ya mchanga motoka ikiwa tupu, tunatembea polepole, na tunarudisha hewa yote mbele ya kugusa gudroni.

Mifuko minne iliyobaki imekwisha kuandikwa majina ya watu wake. Safari ya kwanza ni Jumatatu, saa kumi na moja ya asubuhi, kama usiku mvua haikupiga. Ikipiga, tutaondoka saa nne.