Johannesburg: Rambirambi tunachanga, ugonjwa hatuutaji

Ukipita Rockey Street mtaani Yeoville, jijini Johannesburg, utasikia Kiswahili cha Bukavu na cha Dar es Salaam kwenye meza moja ya mboga. Sisi tulioko huku Bondeni tunaulizana nauli ya basi, habari za vibali, matokeo ya Simba na Yanga. Habari za UKIMWI hatuulizani.

Akifariki mwenzetu, daftari la michango linazunguka siku hiyo hiyo ili maiti isafirishwe. Sababu ya kifo inatajwa kwa sauti ya chini: kifua, kulogwa, au malaria. Malaria, katika jiji lililo mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako ugonjwa huo hauna makao!

Si kwamba watu hawajui. Wanaogopa, kwa sababu jumuiya hiyo hiyo ndiyo inayokupa godoro unapofika, kibarua cha kwanza na mtu wa kukudhamini chumba. Jina lako likichafuka, unavikosa vyote ukiwa ugenini.

Hofu inamfuata mgonjwa hadi kliniki. Muuguzi anazungumza Kizulu au Kiingereza. Mgonjwa kutoka Uvira ana Kiswahili na Kifaransa kidogo. Anaambiwa aje na mtu wa kumtafsiria. Nani huyo? Ni jirani anayesali naye Jumapili. Wengine huenda na mtoto anayesoma shule za huku, na mama gani ataeleza mambo ya chumbani mbele ya mwanawe wa miaka 12? Basi anasema ana homa, anapewa vidonge vya homa, anarudi nyumbani.

Kwa wanawake kuna fundo jingine. Mkimbizi mara nyingi huandikishwa kama tegemezi katika faili la mumewe. Kumtaka mume apime, au avae kondomu, ni kuhatarisha ndoa na karatasi kwa pamoja.

Sheria yenyewe ipo upande wa mgonjwa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 1996 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa katika hospitali za serikali mwaka 2004, na mwaka 2007 Wizara ya Afya iliagiza kwamba wakimbizi na waomba hifadhi wapewe pia, wawe na kibali au wasiwe nacho. Tangu Septemba 2016 anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke.

Lakini kati ya sheria na dirisha la dawa kuna geti. Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra ziliua watu zaidi ya 60. Miaka ya karibuni kundi la Operation Dudula limekuwa likisimama milangoni mwa kliniki na kudai vitambulisho, mpaka Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipolipiga marufuku kufanya hivyo, Novemba 2025. Aliyefukuzwa getini mara moja harudi upesi, hata hakimu aseme nini.

Hapo ndipo baadhi ya wachungaji wanapopata wateja, wakiwaambia watu watupe dawa kwa kuwa wameshaombewa. Hili tunalisema wazi: anayeacha dawa, virusi vinarudi. Anayemeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake.

Kidonge kinachotumika sana sasa humezwa mara moja kwa siku, hivyo Muislamu aliyefunga anaweza kukimeza baada ya futari. Kidonge hicho hicho kinatolewa Tanzania, Kenya na Kongo. Anayesafiri kwenda nyumbani aombe barua ya uhamisho na dawa za miezi kadhaa kabla ya kukata tiketi. Na kama hamtaki jirani amtafsirie, atafute mtu wa mtaa mwingine, hata kwa simu.