Kumtambua Bakteria kwa Herufi za DNA

Mgonjwa amekohoa kwa wiki kadhaa, amepungua uzito, na usiku hutokwa jasho jingi. Mganga anashuku kifua kikuu, naye anapeleka makohozi maabara. Hapo huzuka maswali mawili. Je, mna bakteria wa kifua kikuu katika makohozi hayo? Na je, dawa iliyozoeleka itamwua? Jibu la swali la pili likichelewa, mgonjwa aweza kumeza kwa miezi dawa isiyomfaa, huku akiwaambukiza jamaa zake. Makala haya yanaeleza jinsi kioo kidogo kilichobandikwa vipande vya DNA kinavyoweza kuharakisha jibu hilo.

Njia za zamani na kasoro zake

Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amemgundua bakteria aletaye kifua kikuu. Tangu hapo makohozi yamepakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Lakini hadubini huonyesha umbo tu. Bakteria anayeuawa na dawa na yule aliye sugu hufanana kama mapacha.

Njia ya pili ni kuwaotesha bakteria katika chakula maalumu, kisha kuwatilia dawa ili ionekane kama watakufa. Njia hii ni ya kuaminika, ila huhitaji subira. Bakteria aitwaye Escherichia coli, akiwa katika hali njema, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Yule wa kifua kikuu huchukua karibu saa 20. Ndiyo maana katika chakula kigumu huonekana baada ya wiki 3 hadi 8.

Herufi nne

Kila bakteria hubeba maagizo ya maisha yake katika DNA. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza kuwa DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, nazo zimeandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Daima A hushikana na T, na G hushikana na C. Kwa hiyo, ukiujua uzi mmoja, waweza kuuandika mwenziwe. Nyuzi hizo zikipashwa moto huachana, na zikipoa kila mmoja humtafuta mwenziwe. Kanuni hii ndiyo msingi wa kioo tunachokizungumzia.

Kioo chenye mitego

Mwaka 1995 Mark Schena, Patrick Brown na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza namna ya kupanga madoa madogo ya DNA juu ya kioo. Wao walichunguza jeni za mmea mdogo. Baadaye njia hiyo ilitumiwa pia kuwatambua bakteria. Kila doa ni mtego: lina vipande vingi vya uzi mmoja wa DNA vinavyongoja uzi wenzao.

Kazi huenda hivi. Kwanza DNA hutolewa katika bakteria. Pili, sehemu inayotakiwa hunakiliwa kwa njia iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili, hivyo baada ya mizunguko 30 nakala moja yaweza kuzaa zaidi ya bilioni 1. Tatu, nakala hizo hutiwa rangi ing'aayo na kumiminwa juu ya kioo. Nne, kioo huoshwa ili zisizonaswa ziondoke. Mwisho, mwale wa leza hupitishwa juu yake: doa linalong'aa limempata mwenziwe, na mahali pake huonyesha ni bakteria gani.

Uoshaji huu hauna budi kufanywa kwa kipimo sahihi cha joto na chumvi. Vinginevyo yatatimia yale ya wahenga, kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

Herufi moja yatosha

Rifampisini ni dawa muhimu ya kifua kikuu. Huzuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kunakili maagizo yake. Sehemu ya kimeng'enya hicho hutengenezwa kwa maagizo ya jeni iitwayo rpoB. Zaidi ya asilimia 90 ya mabadiliko yaletayo usugu dhidi ya dawa hii hutokea katika eneo la jeni hiyo lenye jozi 81 tu za herufi. Badiliko moja linaloonekana mara nyingi ni TCG kuwa TTG. Herufi moja imebadilika, na dawa haimwui tena bakteria.

Watafiti wa Taasisi ya Engelhardt mjini Moscow, wakiongozwa na Andrei Mirzabekov, walitengeneza mitego ya kunasa mabadiliko ya namna hiyo. Kanuni hiyo hiyo hutumika pia katika utepe ambao michirizi yake husomwa kwa macho. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utepe huo utumike kutambua upesi kifua kikuu sugu. Jibu lililongojewa kwa wiki nyingi huweza kupatikana kwa siku moja au mbili.

Mipaka ya kioo

Hata hivyo, kioo hujibu maswali yaliyotayarishwa tu. Badiliko jipya lisilotegewa mtego laweza kupita bila kuonekana. Tena, DNA ya bakteria aliyekufa nayo hunaswa, hivyo kioo peke yake hakithibitishi kwamba mgonjwa amepona. Kwa sababu hizo kuotesha bakteria hakujaachwa.

Zoezi la darasani

Mwalimu aandike ATTGCAG katika ukanda wa karatasi, na wanafunzi wautafute mwenziwe, yaani TAACGTC. Kisha abadilishe herufi moja ya ukanda wa kwanza, na wanafunzi waeleze ni wapi nyuzi hizo hazishikani tena. Watakuwa wamefanya kwa macho kazi ile ile ya kioo. Na kwa mgonjwa wetu, herufi hiyo moja ndiyo inayotenga dawa imfaayo na isiyomfaa.