Usiuze Peugeot yako kwa bei ya vyuma, huenda ni kabureta tu

JE, una gari kuukuu nyuma ya nyumba ambalo kuku wameligeuza kiota? Kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, hebu soma haya.

Mzee mmoja wa Kinango, mwalimu mstaafu, nusura aiuze pikapu yake aina ya Peugeot 504. Ilizimika kila alipopunguza mwendo, ikatoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Mama watoto alichoka kuisukuma siku za kupeleka mahindi sokoni. Fundi wa kwanza akasema injini imekufa. Kumbe injini ilikuwa nzima.

Gari hilo si la kudharauliwa. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, na likashinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, kisha mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Tangu 2003, mashindano ya Safari Classic yamerudisha magari ya zamani kwenye vumbi letu.

Kazi ya kabureta ni kama ya mama anayesonga sima. Kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa. Kipimo kikikosewa, chakula kimeharibika.

Utajuaje? Fungua plagi uzitazame. Zikiwa na masizi meusi, petroli imezidi. Zikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini itachemka. Rangi ya hudhurungi ni dalili njema. Tazama pia chujio la hewa, kwani vumbi la Kinango hulijaza upesi.

Plagi za mzee wetu zilikuwa nyeusi tititi. Fundi wa pili alifungua kabureta, akatoa boya na kulitikisa karibu na sikio. Ndani mlisikika petroli! Boya lilikuwa limetoboka, likawa linazama badala ya kuelea, na petroli ikafurika bila kizuizi.

Ukiosha kabureta, panga vipande vyake kwa utaratibu juu ya kitambaa safi. Vijitundu vya jeti visafishwe kwa upepo wa pampu. Usivichokore kwa waya, maana ukivipanua kidogo tu, kipimo kimepotea. Weka gasketi mpya.

Sasa rekebisha. Injini ikiwa imezimwa, kaza polepole skrubu ya mchanganyiko mpaka iguse mwisho, bila kulazimisha, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Washa injini, iache ipate moto na uhakikishe choki imefunguka. Tumia skrubu ya mwendo ili injini ingurume taratibu. Rudi kwenye ile ya mchanganyiko, uizungushe kidogo kidogo huku na huku mpaka mngurumo uwe wa kasi na laini kuliko wote. Mwisho, punguza mwendo. Huenda ukarudia mara mbili au tatu. Haraka haraka haina baraka.

Lakini tahadhari, msomaji. Petroli haina urafiki. Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara, na watoto wakae kando. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kimya kimya.

Na yule mzee? Boya jingine lilipatikana Mombasa, kutoka kabureta kuukuu. Kazi ilichukua nusu siku. Mnunuzi wa vyuma alipofika na mizani yake, alikuta nyumba tupu. Mwalimu alikuwa ameshaondoka na mahindi, mkewe ameketi mbele kando yake, na wala hakuna aliyesukuma.