Kompyuta yako ya kwanza ya gemu: chagua vipuri kabla ya kutuma pesa

Je, wewe na wenzako mnaweka akiba ili mpate kompyuta ya kuchezea gemu? Labda unataka kucheza nyumbani. Labda kikundi chenu kinataka kufungua chumba kidogo ambapo majirani, wakimbizi na wenyeji, watalipa kwa dakika kucheza mpira. Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua vipuri kwa pesa kidogo, bila kununua kitu ambacho hakitafanya kazi.

Vipuri vya mtumba vipo vingi Nairobi na Kampala. Shida yetu ni umbali. Mtu wa Nairobi akinunua kadi isiyoingia kwenye mashine yake, kesho yake anairudisha dukani. Ukiwa Kakuma au Kalobeyei, unahitaji kibali ili utoke kambini, na Nairobi iko zaidi ya kilomita 700. Ukiwa Nakivale unaweza kusafiri, lakini nauli ya kwenda Kampala na kurudi inatoka kwenye akiba ile ile.

Kwa hiyo shika jambo moja: usinunue kipuri hata kimoja kabla hujajua kama vyote vitakaa pamoja. Andika orodha nzima kwanza. Pesa zifuate baadaye.

1. Anza na umeme

Watu wengi huanza na kadi ya picha. Wewe anza na umeme, kwa sababu ndio utakaoamua unaweza kutumia mashine gani.

Kompyuta ya mezani ya kawaida yenye kadi ndogo ya picha, pamoja na skrini, hutumia takriban wati 150 wakati wa gemu. Fanya hesabu hii:

- Kama unalipia umeme kwa uniti: wati 150 kwa saa 4 ni uniti 0.6 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 18. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa mahali unapoishi.
- Kama unatumia sola: betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200. Betri za asidi zinaharibika haraka ukizimaliza, kwa hiyo tumia nusu tu, yaani 600. Ukitoa umeme unaopotea kwenye inveta, utacheza kama saa 3 na nusu, kisha betri ichajiwe tena.

Kama umeme wako hautoshi kwa hesabu hiyo, kompyuta ya mezani haikufai kwa sasa. Laptopu ya mtumba hutumia umeme mdogo zaidi. Ni heri kujua hilo leo, pesa zikiwa bado mkononi.

2. Amua gemu gani zitachezwa

Andika majina ya gemu tatu au nne ambazo zitachezwa kweli. Kila gemu hueleza mahitaji yake: prosesa, RAM, kadi ya picha na nafasi ya diski. Gemu za mpira za miaka iliyopita na GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, hazihitaji mashine ya bei kubwa. Gemu mpya za miaka hii miwili au mitatu ni jambo jingine.

Fikiria pia bando. GTA V peke yake inachukua zaidi ya GB 70. Kuipakua kwa bando la simu kunaweza kumaliza pesa ya kipuri kizima. Ukinunua gemu kupitia Steam, unaweza kuipakua mahali penye intaneti nzuri, kisha kuihamishia kwenye kompyuta nyingine kwa diski ya nje au kwa mtandao wa ndani. Zipo pia gemu za bure zinazochezwa bila intaneti, kama SuperTuxKart na 0 A.D.

3. Msingi: kompyuta ya ofisi ya mtumba

Kununua kila kipuri kipya ni ghali. Njia ya watu wenye bajeti ndogo ni kuchukua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au HP ProDesk, kisha kuiongezea kadi ya picha. Unapata kasha, mazabodi, prosesa na pawa saplai kwa pamoja, na tayari vinapatana.

Angalia mambo matatu.

*Ukubwa wa kasha.* Modeli moja hutengenezwa kwa maumbo tofauti. Kubwa linaloitwa tawa linapokea kadi ya picha ya kawaida. Jembamba linapokea tu kadi ya nusu kimo. Dogo sana, lenye ukubwa wa kitabu, halina nafasi ya kadi ya picha kabisa. Ukiagiza kwa simu, usiridhike na jina la modeli. Omba picha ya kasha likiwa limefunguliwa. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua tawa.

*Kizazi cha prosesa.* Kwa Intel Core i5 yenye namba ya tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inaonyesha kizazi. i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8. Mbili za kwanza zina viini 4, ya tatu ina viini 6. Muuzaji akikuambia "ni i5" tu, bado hajakuambia kitu. Muulize namba yote.

*Windows.* Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kanuni zake rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Mashine ya kizazi cha 4 itaendelea kuwaka na kucheza gemu, lakini usiitumie kwa mambo ya benki au pesa zako. Njia nyingine ni kuweka Linux, ambayo ni ya bure. Steam inafanya kazi humo na gemu nyingi zinakubali, ila baadhi ya gemu za mtandaoni, kama Valorant, hazikubali.

4. Kadi ya picha: isizidi wati 75

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Pawa saplai za kompyuta za ofisi ni ndogo, na nyingi hazina waya za ziada za kulisha kadi kubwa. Kuibadilisha pia si rahisi, kwa sababu Dell na HP mara nyingi hutumia plagi zao wenyewe ambazo pawa saplai ya dukani haina.

Tundu la kadi kwenye mazabodi linaweza kutoa hadi wati 75. Kwa hiyo tafuta kadi inayotosheka na umeme huo, isiyo na tundu la waya za umeme ubavuni:

- GTX 1650 yenye GB 4: ina nguvu kuliko zote hapa. Baadhi zina tundu la waya, kwa hiyo omba picha.
- GTX 1050 Ti yenye GB 4: inatosha kwa gemu nyingi za miaka iliyopita. Kwa hii pia, omba picha.
- GT 1030: inatumia wati 30 tu na inafaa kasha jembamba. Chukua yenye GDDR5. Ile yenye DDR4 ina jina lile lile, lakini ni dhaifu zaidi.

Kwenye baadhi ya makasha membamba, tundu hutoa chini ya wati 75. Kwa mashine za namna hiyo, kadi ndogo kama GT 1030 ni salama zaidi.

Jihadhari na kadi bandia. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Windows itaonyesha jina hilo bila kugundua. Programu ya bure ya GPU-Z inazitambua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina.

5. RAM na diski

Weka RAM ya GB 8 kwa uchache. GB 16 ni bora. Kadi mbili za GB 4 hufanya kazi haraka kuliko moja ya GB 8. Kumbuka kwamba DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na RAM ya laptopu haiingii kwenye kompyuta ya tawa. EliteDesk 800 G1 inatumia DDR3, lakini 800 G2 inatumia DDR4. Tofauti ya tarakimu moja kwenye jina inatosha kukufanya ununue RAM isiyoingia.

Kwa diski, SSD ya GB 240 au 256 kwa ajili ya mfumo itaifanya mashine ya zamani iwake haraka. Diski ya kawaida ya GB 500 inayokuja na mashine unaweza kuiacha kwa ajili ya gemu.

6. Usisahau tundu la skrini

Skrini nyingi za mtumba zina tundu la VGA, lile la bluu lenye vitundu 15. Kadi zote tatu tulizotaja hazitoi VGA. Nunua skrini yenye HDMI, DVI au DisplayPort inayolingana na kadi yako. Ukisahau hili, utakuwa na mashine nzima nzuri na skrini nyeusi.

7. Kugawa pesa

Tuseme kikundi kina shilingi 40,000 za Kenya. Hizi hapa chini si bei za dukani, kwa sababu bei hubadilika. Ni mipaka ya kujiwekea kabla ya kuanza kuulizia:

- Kompyuta ya ofisi, kibodi na kipanya: 15,000
- Kadi ya picha: 10,000
- Skrini: 5,000
- SSD na RAM ya kuongeza: 5,000
- Stebilaiza: 3,000
- Usafiri na dharura: 2,000

Betri na inveta hazimo. Kama huna, zihesabu kando. Usiondoe stebilaiza ili uongeze kadi. Umeme unaopanda na kushuka unaweza kuunguza vyote kwa usiku mmoja.

Pesa zikipungua, nunua kwanza mashine na SSD bila kadi ya picha. Prosesa hizi zina picha za ndani zinazotosha kwa gemu nyepesi. Kwa sasa mashine inaweza kuchapa barua na wasifu wa kazi kwa malipo, na tundu la kadi litakusubiri.

8. Kabla ya kulipa

Kama huwezi kufika dukani, tafuta mtu unayemwamini mjini, ikiwezekana fundi asiye na uhusiano na muuzaji. Akuitie simu ya video mbele ya mashine, kisha afanye haya:

- Awashe mashine na kuingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai neno la siri asilolijua muuzaji, mwachie mashine yake.
- Akuonyeshe namba kamili ya prosesa na kiasi cha RAM.
- Afungue GPU-Z kwa kadi, na CrystalDiskInfo kwa afya ya diski.
- Acheze gemu nzito kwa dakika 30. Mashine isizime, picha isikatike, na joto lisipande kupita nyuzi 85.
- Achukue risiti yenye namba ya mashine na ya kadi, na siku za waranti ziandikwe. Risiti pia inaonyesha kwamba mashine mliinunua.

Muuzaji anayekataa majaribio haya, au anayetaka pesa zote zitumwe kwanza kwa simu, mwache. Mashine za namna hii ni nyingi sokoni.

9. Safari, joto na vumbi

Kabla ya kupakia mashine kwenye basi, kadi ya picha ichomolewe na kufungwa peke yake. Mtikisiko wa barabara unaweza kuvunja tundu lake. Skrini isafiri ikiwa imesimama, si imelazwa chini ya mizigo.

Ikifika, iache ipoe kabla ya kuiwasha. Iweke juu ya meza, si sakafuni, na iwe mbali na ukuta ili hewa ipite. Penye vumbi kama la Turkana, ifungue kila mwezi ikiwa haina umeme, pangusa feni kwa brashi laini, na uishikilie feni isizunguke unapopuliza.

Orodha ya mwisho

Kabla ya kutuma pesa, jibu maswali haya kwa maandishi, kikundi kizima kikiwepo:

1. Umeme wetu unaweza kubeba wati 150 kwa saa ngapi?
2. Kasha ni la umbo gani, na kadi itaingia?
3. Kadi inahitaji waya za umeme za ziada?
4. RAM ni DDR3 au DDR4?
5. Kadi na skrini zina tundu linalofanana?
6. Nani ataijaribu, na kwa muda gani?

Kama kuna swali moja lisilo na jibu, subirini. Akiba iliyowachukua miezi kuikusanya inaweza kungoja wiki moja zaidi.