Do, fe, so: kuuchambua wimbo wa «Maria»

Wimbo wa tamthilia ya muziki huimbwa na mhusika fulani, katika hatua fulani ya hadithi, baada ya jambo fulani kumpata. Hilo hubadilisha namna ya kuuchambua. Melodi, mdundo, upatanifu wa sauti na rangi ya vyombo huchunguzwa kama katika muziki mwingine wowote, lakini kila kimoja hupimwa kwa swali lilelile: kwa nini mhusika huyu anaimba sasa, na muziki unasema nini ambacho maneno yake hayajasema? Wimbo wa «Maria», kutoka West Side Story, unafaa sana kwa somo hili, kwa kuwa karibu uzito wake wote umebebwa na noti tatu.

West Side Story ilianza kuonyeshwa Broadway, New York, tarehe 26 Septemba 1957. Muziki uliandikwa na Leonard Bernstein, maneno ya nyimbo na Stephen Sondheim aliyekuwa na umri wa miaka 27, na hadithi na Arthur Laurents; Jerome Robbins aliongoza na kubuni densi. Ni kisa cha Romeo na Juliet cha Shakespeare kilichohamishiwa mitaa ya New York, ambako kundi la vijana wa Jets linagombania mtaa na Sharks, vijana wenye asili ya Puerto Rico. Tony, mmoja wa waanzilishi wa Jets, anakutana dansini na dada wa kiongozi wa Sharks. Wanaonana kwa dakika chache, kisha wanatenganishwa. Anapobaki peke yake barabarani usiku, hajui lolote juu ya msichana huyo zaidi ya jina lake.

Hapo ndipo uchambuzi unapoanzia. Mtunzi wa maneno hana habari ya kusimulia: hakuna sifa za msichana, hakuna ahadi, hakuna kumbukumbu. Sondheim alilikubali hilo na kulirudia jina tena na tena, akaacha mengine yote yasemwe na muziki.

Wimbo unaanza karibu na usemi wa kawaida. Sauti ya Tony hairukiruki. Inatembea taratibu na kwa uhuru, kama mtu anayewaza kwa sauti, na nyuma ya jukwaa sauti zisizoonekana zinamrudishia lile jina. Sehemu hii imeandikwa katika ufunguo wa B meja. Kisha muziki unahamia E flati meja, na hapo ndipo melodi yenyewe inapofunguka. Uhamisho huo una siri ndogo inayopendeza: noti iliyokuwa mi katika ufunguo wa kwanza ndiyo inayokuwa do katika ufunguo wa pili, ingawa kwenye karatasi inaandikwa kwa jina jingine. Sauti ni ileile, ila nyumba imejengwa upya kuizunguka. Kwa kijana ambaye dunia yake imegeuka ndani ya usiku mmoja, ni vigumu kufikiria uhamisho unaofaa zaidi.

Sasa zile noti tatu. Mwimbaji wa kwaya anayesoma solfa anaweza kuzijaribu mwenyewe bila chombo chochote. Aimbe do, kisha aruke hadi fe, yaani fa iliyopandishwa nusu toni, na mara moja apande nusu toni nyingine atue kwenye so. Do, fe, so: Ma-ri-a. Kutoka do hadi fe ni toni tatu kamili, umbali unaoitwa tritoni, ambao tangu zamani walimu wa uimbaji wa Ulaya waliwaonya wanafunzi wao kuukwepa kwa sababu ni mgumu kuupata na haukai vizuri sikioni. Fe haitulii. Imesimama kwenye kizingiti cha so, na sikio linaitaka ivuke. Inapovuka, msikilizaji anahisi pumzi ikitoka.

Jaribio la pili linaonyesha thamani ya uchaguzi huo. Mwimbaji huyohuyo aweke fa ya kawaida mahali pa fe: do, fa, so. Jina bado linaimbika, lakini hamu imetoweka. Limekuwa jina la kuitwa mlangoni tu. Nusu toni moja ndiyo inayotenganisha kuita na kutamani.

Mpangilio wa silabi unaongeza nguvu hiyo. Mkazo wa jina uko kwenye silabi ya pili, na hapo ndipo Bernstein alipoiweka fe. Silabi ya mwisho, isiyo na mkazo, imepewa so ya kutulia. Msomaji wa Kiswahili halazimiki kuelezwa zaidi, kwa kuwa katika lugha yake pia Maria hukazwa pale pale, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mvutano wa sauti na mkazo wa neno vinakutana mahali pamoja, na ndiyo sababu jina hilo linaonekana kama limezaliwa pamoja na tuni yake.

Upatanifu wa chini haumsaidii mwimbaji kuikimbia ile fe. Vyombo vinashikilia sauti za nyumbani, na sauti ya Tony inagongana nazo kabla ya kukubaliana. Besi nayo ina mwendo wa Karibi: mapigo yake hayaangukii kwa usawa, bali yanavutana na hesabu ya nne kwa nne. Msikilizaji aliyekulia na rumba atautambua ukoo wake. Mwendo huo ni wa upande wa Maria, na umeingia chini ya wimbo wa kijana wa Jets kabla yeye mwenyewe hajajua kitakachompata. Juu yake, Tony mara nyingi anaimba noti tatu zilizo sawa ndani ya nafasi ya noti mbili, hivyo sauti yake inaelea, haikanyagi ardhini pamoja na besi.

Kuhusu nguvu ya sauti, maneno yenyewe yanataja kulitamka jina kwa sauti kubwa na kwa sauti ya chini, na muziki unayafuata. Wimbo unapanda hadi kilele cha kurudiarudia jina, kisha unaisha polepole kwa sauti nyembamba ya juu.

Rangi ya sauti hutegemea pia mwimbaji. Larry Kert, Tony wa kwanza wa Broadway, aliimba kama kijana wa mtaani mwenye sauti nzuri. Mwaka 1984 Bernstein aliirekodi kazi nzima akiongoza okestra mwenyewe, na Tony akaimbwa na José Carreras, mwimbaji wa opera mwenye sauti ya tenori. Noti ni zilezile, lakini sauti iliyofunzwa kwa miaka mingi inapunguza ule ugeni wa mtu anayelishika jina kwa mara ya kwanza. Kwa hadithi hii, sauti ya Kert inafaa zaidi.

Wimbo wa jukwaani hauwezi kuchambuliwa ukiwa umekatwa kutoka kazi nzima. Melodi ya «Maria» husikika kabla haijaimbwa: dansini, wawili hao wanapoonana, okestra inaipiga kama cha-cha nyepesi. Kwa hiyo Tony anapoiimba barabarani, anakumbuka tuni waliyoicheza pamoja, ingawa msikilizaji huenda asitambue kwa nini inamgusa. Umbali uleule wa do na fe umetanda pia katika «Cool», wimbo ambao Jets wanajizuia nao wasilipuke kwa hasira. Tritoni inayobeba mapenzi ndiyo inayobeba ugomvi, na tofauti inaletwa na mdundo na mahali noti inapokwenda baada ya hapo.

Mwisho wa tamthilia Tony ameuawa, na vijana wa makundi yote mawili wanaubeba mwili wake. Okestra inashika sauti tulivu za C meja, yaani do, mi na so. Chini kabisa, kwenye besi, inagonga F shapu. Ni fe ileile ya jina la Maria, na safari hii haipandi kwenda so.