Ganda la .470: kwa nini wawindaji bado wanachagua bunduki za kizamani

Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi cha asubuhi, msikilizaji wetu mmoja anayeishi jirani na Pori la Akiba la Selous alitutumia picha kwa WhatsApp. Mwanawe alikuwa akichunga mbuzi akaokota ganda la risasi, refu kama kidole cha kati cha mtu mzima. Kwenye kitako chake limechongwa namba 470. Msikilizaji huyo alikumbuka kwamba siku chache kabla aliwaona wageni wa uwindaji wakipita na gari, mmoja ameshika bunduki ya mitutu miwili iliyolala sambamba, mfano wa zile za kwenye picha za enzi ya ukoloni. Akatuuliza: mtu mwenye uwezo wa kununua bunduki yoyote duniani, kwa nini achague ya kizamani namna ile?

Tulidhani swali hili tungelijibu hewani kwa dakika tano. Simu zilipoanza kuingia tukaona haiwezekani, maana huku kwetu kila mtu ana habari yake ya mbogo. Ndiyo maana tumeliandika hapa, ulisome kwa nafasi yako.

Tuanze na ganda lenyewe. Namba .470 inatokana na vipimo vya inchi: karibu nusu inchi, yaani milimita 12 kwa upana wa risasi. Kile kipande kinachoruka kina uzito wa gramu 32 hivi. Risasi ya SMG ambayo wengi mmeiona kwa askari ina gramu 8. Ukilitazama ganda vizuri utaona kitako chake kina ukingo uliotokeza nje, kama mdomo wa sufuria. Ukingo huo ndio unaotuambia habari nyingi. Bunduki ya mitutu miwili hukunjwa katikati ili kuijaza, na inapokunjwa tena baada ya kupigwa huvuta ganda kwa kushika ukingo huo. Kwa hiyo aliyepita hapo alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, na huenda aliijaza upya palepale.

Sasa, kwa nini iwe hivyo? Lazima turudi nyuma kidogo.

Kabla ya miaka ya 1890 tembo aliwindwa kwa bunduki za baruti nyeusi, nyingi zikiwa za kujazwa kwa mdomo, ndugu wakubwa wa gobore. Mwingereza Frederick Selous, ambaye pori letu lina jina lake, alifika Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa kijana na akawinda tembo kwa bunduki ya namna hiyo iliyorusha goroli la robo ratili, zaidi ya gramu 110. Baruti aliichota kwa mkono na kuimimina. Bunduki ilimpiga bega vibaya mno, na baadaye aliandika kwamba anajuta kuwahi kuzishika bunduki zile, kwa jinsi zilivyomharibia ulengaji. Na moshi! Ukifyatua baruti nyeusi huoni kilicho mbele yako kwa muda, wakati mnyama yeye anajua ulipo.

Moshi huo uliwahi kugharimu maisha ya watu huku kwetu hata nje ya uwindaji. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki ya Wajerumani, askari wengi walikuwa bado na bunduki za mfano wa mwaka 1871, na wingu jeupe liliwaonyesha adui mahali walipojificha. Bunduki za kisasa zaidi zililetwa na meli zilizopenya hadi Ghuba ya Manza karibu na Tanga mwaka 1915 na Sudi karibu na Lindi mwaka 1916. Selous mwenyewe aliuawa katika vita hiyo, Januari 1917 huko Behobeho, akiwa na miaka 65. Kaburi lake lipo palepale, ndani ya eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mwaka 1898 kampuni ya Rigby ya London ilitoa risasi ya .450 iliyotumia baruti mpya isiyo na moshi mwingi. Hapo ndipo bunduki tunazoziita za kizamani zilipozaliwa. Ghafla risasi ya gramu 31 iliweza kwenda kasi ya mita 650 hivi kwa sekunde na kupenya fuvu la tembo, jambo ambalo goroli la robo ratili lilishindwa mara nyingi. Namba .470 ilikuja muda mfupi baadaye kwa sababu ya ajabu kidogo: serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kuingiza risasi za kipenyo cha .450 India na Sudan, ikihofia zitaishia kwenye bunduki za waasi. Mafundi wakaongeza kipenyo kidogo, na sheria ikakaa pembeni. Kwa hiyo ganda aliloliokota yule mtoto limekuwa na umbo lake kwa sababu ya wasiwasi wa watawala wa India.

Joto nalo lina sehemu yake kubwa, ingawa halisemwi sana. Baruti ya wakati ule ikipata jua kali husukuma kwa nguvu zaidi kuliko ikiwa Uingereza kwenye baridi. Ganda huvimba, linang'ang'ania ndani ya mtutu, halitoki. Fikiria umepiga mara moja, mbogo anakuja, na ganda limekwama. Ndiyo maana waliotengeneza .470, na .416 ya Rigby iliyotoka 1911, walifanya ganda kubwa lenye nafasi ya kutosha, ili msukumo wa ndani uwe mdogo hata bunduki ikishinda juani mchana kutwa. Mtu asiyejua akiona ganda refu namna ile hudhani ni majivuno.

Sasa tufike kwenye uchaguzi wenyewe. Mwindaji wa wanyama wakubwa ana njia mbili za asili: mitutu miwili, au mtutu mmoja wenye komeo, lile la kupandisha kwa mkono, kuvuta nyuma na kusukuma mbele.

Ile ya mitutu miwili, ukweli wake ni bunduki mbili zilizofungwa kwenye kitako kimoja. Kila mtutu una mtambo wake na triga yake. Mtambo mmoja ukivunjika, wa pili upo. Risasi ya pili hutoka papo hapo, bila mkono kuondoka mahali pake na bila mlio wa chuma. Shida yake ni kazi ya kuitengeneza. Mitutu miwili ikiunganishwa sambamba, kila mmoja hupiga pembeni kidogo, hivyo fundi hulazimika kuipiga shabaha, kuipasha moto risasi ya kulehemu iliyoishikanisha, kuisogeza, kuipiga tena, siku nyingi, mpaka yote miwili ipige mahali pamoja kwenye umbali wa mita 50 au zaidi kidogo. Na inakubaliana na risasi ya uzito na kasi moja tu. Ukibadilisha, mitutu inagombana. Mpya kutoka kwa mafundi wakubwa wa London huzidi pauni laki moja. Tuliposema bei hiyo hewani, fundi mitambo wetu alizima kipaza sauti chake ili acheke vizuri.

Ya komeo ilitokana na bunduki ya kijeshi ya Mauser ya mwaka 1898, ya Kijerumani. Uzuri wake mkubwa ni ulimi mpana wa chuma unaolikamata ganda tangu linapotoka kwenye hifadhi ya risasi mpaka linapotupwa nje. Hata ukiligeuza komeo nusu njia kwa kiwewe, ganda halianguki wala halikwami. Hubeba risasi tatu au nne, bei yake ni sehemu ndogo ya ile nyingine, na vumbi haliisumbui sana. Maoni yetu, kwa tulivyosikia kwa wanaoingia porini kila siku, ni kwamba kwa mtu asiye na mazoezi ya muda mrefu hii ndiyo ya kuchagua. Mitutu miwili ina raha yake na historia yake, lakini risasi mbili zikiisha zimeisha.

Kuhusu kipenyo, ubishi ni mkali na hauishi. Hapa kwetu .375 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya chini kabisa kwa wanyama hatari. Holland & Holland waliitoa 1912, na ganda lake utalijua kwa mkanda unaolizunguka juu kidogo ya kitako. Wengi huipenda kwa sababu haipigi bega kupita kiasi na risasi zake hupatikana karibu kila mahali wanakowinda.

Wapo watakaokutajia habari za Bell. Huyu W.D.M. Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda Karamoja nchini Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 tu. Habari hiyo ni ya kweli. Kinachosahauliwa ni kwamba alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande, na alikuwa mpigaji wa ajabu. Fuvu la tembo limejaa mfupa wenye vishimo kama sega la nyuki. Ukikosa ubongo kwa upana wa kiganja, tembo anaondoka. Anaondoka na maumivu, na haendi kambini kwa mgeni. Anakwenda mtoni, kwenye migomba, kwenye njia ya akina mama wanaotafuta kuni. Hapo ndipo suala la mgeni kuchagua bunduki linapokuwa suala letu.

Tulimwalika studio askari wa wanyamapori mstaafu, mzee wetu aliyewahi kufuata mbogo waliojeruhiwa na watu wengine. Hakuzungumzia kipenyo hata kidogo. Aliomba mpini wa ufagio. Akamwambia mtangazaji mwenzetu afumbe macho, aupeleke begani haraka kama bunduki, kisha afumbue. Mpini ulikuwa unaangalia dari. Mzee akasema bunduki inayofaa ni ile ambayo ukifumbua macho inatazama pale ulipokusudia, kwa sababu mbogo akitoka kichakani hatua kumi hakuna muda wa kulenga. Kitako kikiwa kirefu kinanasa kwenye nguo. Kikiwa kifupi, kidole gumba kinakupiga puani. Ndiyo sababu bunduki za zamani zilipimwa mwilini kama suti, na ndiyo sababu ya babu inaweza isimfae mjukuu. Alama ya kulengea ya mbele ilikuwa mara nyingi kipande cheupe cha pembe ya ndovu, kionekane hata kwenye giza la kichaka.

Kwa anayenunua iliyotumika, mzee alitaja mambo matatu. Atazame ndani ya mtutu kwenye mwanga, kwa kuwa fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi iliyokula chuma. Atazame mti pale unapokutana na chuma, ndipo nyufa zinapoanzia. Na ile ya mitutu miwili aishike mitutu na kuitikisa. Ikicheza, airudishe kwa mwenyewe.

Askari wenyewe miaka mingi walibeba .458 ya Winchester, iliyotoka 1956 na kuenea zaidi viwanda vya Uingereza vilipoacha kutengeneza risasi zile kubwa miaka ya 1960. Bei yake ilifaa idara za serikali. Hata hivyo, baruti yake ilishindiliwa mno kwenye ganda fupi, na baadhi ya risasi zilizokaa muda mrefu ziliganda ndani na kupiga dhaifu. Ni baada ya miongo kadhaa ndipo risasi za .470 na wenzake zilianza kutengenezwa tena kwa wingi.

Turudi kwa msikilizaji wetu. Ganda tupu, lenye kitundu au alama ya kudungwa katikati ya kitako na mdomo ulio wazi, halina hatari ya kulipuka. Soma namba yake, piga picha, mpelekee mtendaji wa kijiji akiwa na swali la nani alipita hapo, hasa kama kuna damu au nyayo za mnyama anayechechemea. Ikiwa risasi ni nzima, kichwa bado kipo, usiiguse, usiipige jiwe, usiitupe motoni, wala usiiweke mfukoni ukaenda nayo nyumbani: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kuwa na risasi bila kibali ni kosa. Weka alama mahali ilipo, waondoe watoto, waite polisi au askari wa wanyamapori.

Na wale watatu waliopiga simu kuuliza kama gobore lililotengenezwa kwa bomba linaweza kumzuia tembo shambani: haliwezi. Fundi wake hajui bomba lile litapasuka lini, na kwa umbali wa kupiga gobore tembo anakufikia kabla hujapata baruti ya pili. Alhamisi hii saa 3 asubuhi yule mzee atarudi studio kuzungumzia uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki. Andaeni maswali.