Fenda Ndio Luku, Buda

Sikia, msee wangu. Injini yako hakuna mtu anaicheki. Imejificha chini ya boneti, inaeza kuwa ilitolewa kwa Toyota ya mbuyu wa mtu na hakuna manzi atawai jua. Lakini kama unaunda ndai ya kitambo, ile ya pua ndefu na magurudumu yamekaa nje, fenda ndio sura. Fenda ikikataa, umebeba aibu mbele yako, na aibu yenyewe iko pea.

Mzae wa ploti alicheki chasi ikiwa juu ya stendi akatoa hekima: "Kata dram." Basi. Kwa mzae, dram ya lita 200 ndio jibu ya kila kitu: maji, mahindi, sasa sports car. Haya, tupige hesabu tumheshimu. Dram ina upana wa kama sentimita 57. Tairi ya 185/60 R13, saizi inapendwa na wasee wa hizi ndai, iko 55. Toa, gawa mara mbili: imebaki sentimita moja. Kokoto moja tu ya Kariobangi na umekwama. Asante mzae, rudi kwa draft.

Hii shape ya pua ndefu ina wenyewe. Lotus Seven, Uingereza, 1957, kazi ya Colin Chapman. Ilikuwa inauzwa vipande ujiungie kejani, juu gari nzima ilikuwa inadungwa kodi, vipande hapana. Chapman alikwepa taxman na style zote. 1973 kampuni ya Caterham wakabeba form na bado wanaitoa. Alafu 1996 ticha mmoja anaitwa Ron Champion akaandika kitabu ya kuonyesha msee ataunda sports car yake na pauni 250. Wasee wakachizi. Wakaanza kuchoma chuma kwa garage, na ikifika fenda, doh imeisha. Wakafanya nini? Wakanunua madigadi za trela. Inafanya kazi, ni cheap, na ukiiona tu unatafuta trela yenyewe iko wapi.

Sasa kuna mbogi mbili. Ya kwanza ni fenda ndefu: inaanzia mbele ya tairi, inateremka pole pole hadi mlangoni. Ni luku ya mabwenyenye, inakaa poa kwa picha. Shida, imefungwa kwa bodi. Tairi ikiruka, fenda haina habari, so lazima uache nafasi kubwa hapo juu, na hiyo nafasi ndio inaua shape. Alafu ukikanyaga moti, hewa inajaa chini yake inaanza kuinua pua. Hizi ndai tayari zinapasua hewa kama mlango wa kiosk. Namba yao ya kukinza upepo ni kama 0.7, na saloon za siku hizi ziko karibu 0.3. Usiongeze mabawa.

Mbogi ya pili ni fenda fupi, ile ya kukumbatia tairi. Hii imefungwa kwa chuma inabeba hab, so tairi ikipanda bampu, fenda inapanda nayo. Ukikata kona, inakata kona. Gap haibadiliki hata ukipitia zile bampu za mtaa zilijengwa na watu wenye hasira. Kwa Nairobi hii si mjadala. Fenda fupi, period.

Kudizain usianze na kompyuta, utajichocha bure. Beba boksi ya friji, masking tepu, na kipande ya hosi ya maji. Zungushia tairi hosi, alafu laza boksi juu yake. Hosi ndio gap yako, na gap lazima iwe moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikifunguka nyuma, hata mtoto ataona kuna kitu imeenda mrama, hata kama hawezi taja. Upana: pita tairi kidogo kila upande, usizidishe, hatuundi tingatinga. Urefu: huko Uingereza ndai ya kujiundia inapimwa kabla ya kuguza lami, na fenda lazima ifunike kutoka digrii 30 mbele ya kilele hadi 50 nyuma. Hiyo 30 kwa 50 ibebe vile ilivyo. Sheria kando, ndio inafanya fenda ikae inakimbia hata gari ikiwa imepaki. Ukigawa sawa mbele na nyuma, umejitengenezea baiskeli.

Material? Kabon. Wacha. Kabon ni ya kuflex, na bei yake itakufanya ulale njaa ukiangalia fenda. Stika ya kabon nayo? Buda, hapana. Tutakublock.

Chukua shiti ya aluminiamu ya milimita 1.5 uteremke Kamukunji. Wale mafundi wanapiga chuma na mkono kutwa nzima, kelele huwezi ongea na simu, na kupinda shiti iwe duara iliyovimba katikati ni kazi wanajua kitambo. Ikianza kuwa ngumu juu ya nyundo, pakaza sabuni ya kipande, pitisha moto hadi sabuni igeuke nyeusi, wacha ipoe. Imelainika. Sabuni ni muhimu juu aluminiamu haiwaki nyekundu kukuonya. Inafika digrii 660 inamwagika tu chini na doh yako. Ukingo ukunjwe juu ya waya. Unapata nguvu, hakuna makali ya kukata mtu, na ndio ile finishing ya kitambo wasee watanunua vinywaji ili waelezwe.

Mahali mafala wanaangushwa ni stendi za kushikilia. Fenda inatetemeka na tairi bila spring ya kuisaidia, so stendi ya shiti nyembamba itapasuka na fenda ikupite kwa Thika Road. Weka paipu ya chuma, miguu miwili, raba katikati ya fenda na stendi, nati za kujifunga. Alafu pindua stering hadi mwisho, kushoto na kulia, ukicheki hosi ya breki haiguzwi.

Rangi? Kijani iliyokolea ama uiache chuma tupu imeng'arishwa. Mzae wa ploti anasema maruni, juu Peugeot 504 yake ilikuwa maruni. So maruni imetoka.